Jumapili moja Guangzhou na binti tuliyemuasili: Safari Park, Shamian au tukimbilie Ukuta Mkuu?

MamaTumaini_MN (15 Nov 2017)
Habari zenu wapendwa. Tuko Changsha, mkoa wa Hunan, mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka 8 na binti yetu wa miaka 3 tuliyekabidhiwa Jumatatu ya wiki iliyopita, namshukuru Mungu hadi nakosa la kusema. Usajili wa kuasili umeshapita, tunasubiri pasipoti yake tu halafu Ijumaa tunashuka Guangzhou na treni ya kasi, maana viza zote za watoto wa kuasiliwa kwenda Marekani zinatolewa ubalozi mdogo wa kule. Jumamosi asubuhi vipimo, Jumatatu tunarudi kusomewa kile cha TB cha mkononi, Jumanne ubalozini. Kwa hiyo Jumapili iko wazi kabisa na ndiyo siku pekee ya kutembea iliyobaki.

Sasa nyumba imegawanyika. Mume wangu anataka Ukuta Mkuu, anasema hatuwezi kuja China na kuondoka bila kuuona, tuamke alfajiri tupande ndege ya Beijing turudi usiku. Kijana anataka Chimelong Safari Park kwa ajili ya wale panda mapacha watatu. Mimi nawaza kitu cha karibu, kisiwa cha Shamian labda na Chen Clan Academy, lile jumba la zamani la ukoo wa Chen, jioni boti la mto Pearl. Hapa Changsha tumeshaenda kisiwa cha Juzizhou kuona lile sanamu la kichwa cha Mao, lina mita 32, kijana alifurahi sana ila binti alichoka mapema akalala begani kwa baba yake.

Na kwa baba yake ndiyo penyewe. Binti kamshika baba tu, mimi nikimbeba analia. Nimeambiwa ni kawaida, naomba mlizingatie mkinishauri.

Kamau_wa_Seattle
Hongereni sana! Sisi tulipitia njia hiyo 2014, mtoi wetu alitoka mkoa wa Henan. Beijing wacha kabisa, na nasema hivi nikijua bwana hatafurahi. Kutoka Guangzhou ni karibu masaa matatu angani, ukishuka uwanjani, Badaling ama Mutianyu, zile sehemu za Ukuta, bado ni mbali kwa gari, upande, ushuke, urudi kwenye foleni za usalama, yaani utakuwa kwa Ukuta kama saa moja na nusu hivi na mtoto wa miaka mitatu amelala ama analia. Treni ya kasi ndiyo usiseme, ni kama masaa nane kwenda peke yake. Na mkikwama huko, ndege ikichelewa, Jumatatu hampo Guangzhou. Ile sindano ya TB inafaa isomwe kati ya saa 48 na 72, ikipita hapo inarudiwa, na wiki yenu ni fupi kwa sababu Alhamisi ya tarehe 23 ni Thanksgiving, sikukuu ya Marekani, ubalozi umefungwa. Familia nyingi huona Ukuta mwanzoni, wanashukia Beijing siku mbili tatu kabla ya kukutana na mtoto. Nyinyi hiyo imepita, wekeni ya siku mtakayorudi naye akiwa mkubwa.

DadaZuu_Leicester
Naunga mkono kwa Beijing. Ila Safari Park msiidharau jamani. Pana sehemu mbili, moja mnazunguka ndani ya kitreni wanyama wako nje, nyingine mnatembea kwa miguu, na pana vigari vya kebo vinapita juu. Hao panda mapacha watatu walizaliwa Julai 2014 na hakuna watatu wengine waliowahi kuishi wote hadi wakakua, kwa hiyo kijana hajaomba kitu kidogo. Metro inafika, stesheni inaitwa Hanxi Changlong, laini ya 3. Tiketi za watoto wanapima urefu siyo umri, kwa hiyo mkifika atasimamishwa kwenye kipimo, msishtuke.

Ubaya wake ni Jumapili. Watu ni wengi mno, na mtoto aliyetoka kituo cha yatima juzi hajawahi kuona hata robo ya kelele hizo.

Msafiri_Xiaobei
Aisee nimefurahi kuona uzi huu, mimi nipo Guangzhou hapahapa, biashara, naishi upande wa Xiaobei. Niongeze chaguo ambalo hamjalitaja: Yuexiu Park. Kuingia bure. Asubuhi ya Jumapili wazee wamejaa wanacheza muziki, wengine mazoezi ya taratibu, wajukuu wanakimbia, kuna ziwa na viboti vya kukanyaga, na lile sanamu la mbuzi watano ambalo ndiyo alama ya mji, la mwaka 1959. Ni mahali pa watu wa kawaida, mtoto anaona watu wanaofanana na aliowazoea, hakuna anayemsukuma. Njaa ikiuma, Xiaobei ni jirani, kuna migahawa ya Waafrika na Waarabu, wali na nyama mtapata.

Jambo la muhimu: tembeeni na pasipoti zenu zote na ile hati ya kuasili, kopi haitoshi. Mtaa wetu polisi wanakagua makaratasi ya wageni mara kwa mara, na familia nyeusi na mtoto wa Kichina lazima mtaulizwa na watu, wengi kwa nia njema tu, lakini ukiwa na hati mkononi unajibu kwa utulivu. Na simu, Google haifunguki huku, wekeni ramani mapema na jina la hoteli liandikwe kwa Kichina kwenye karatasi mumwoneshe dereva.

BibiColumbus
Wanangu, mimi nina wajukuu wawili waliotoka China kwa mwanangu, na nilikuwa nao safari zote. Nitasema kwa ajili ya mtoto kwanza. Huyo binti ana wiki moja na nusu hajamwona mtu hata mmoja aliyemjua maisha yake yote. Chakula kimebadilika, harufu ya kitanda imebadilika, lugha imebadilika, na akifika Guangzhou hata wanaomzunguka wanasema Kikantoni ambacho si cha kwao Hunan. Kwake kila siku ni safari, haongezewi nyingine. Kwa hiyo chochote mtakachochagua kiwe karibu na hoteli, alale mchana kitanda kilekile, ale kitu anachokijua. Guangzhou wana uji wa mchele kila kona asubuhi, mpeni huo.

Shamian ndiyo inafaa. Kakisiwa kadogo, kilomita za mraba 0.3, Waingereza na Wafaransa walikagawana tangu enzi za 1861, majumba ya kizamani, miti mikubwa ya mizizi inayoning'inia, magari machache. Sanamu za shaba za watoto wanacheza ziko njiani, wajukuu wangu walizipanda zote. Na ingieni hoteli ya White Swan hata kama hamkulala hapo, ilifungwa 2012 ikatengenezwa ikafunguliwa tena 2015, yale maporomoko ya maji yapo ndani ukumbini na samaki chini yake. Miaka na miaka familia za kuasili zilikuwa zinapiga picha watoto wao wamevaa hariri nyekundu kwenye kochi jekundu la hapo, sisi tunayo ukutani.

Kamau_wa_Seattle
Bibi shikamoo, umesema vizuri. Lakini nitauliza, na huyo kijana wa miaka 8? Sisi wetu mkubwa alivumilia safari yote, hotelini, ofisini, hotelini, ofisini, kila mtu akimtazama mdogo. Mimi naona wagawane tu. Baba ampeleke kijana Safari, mama abaki na binti, na hiyo pia ni nafasi ya mama kuzoeana na mtoto bila baba kuwa karibu.

DadaZuu_Leicester
Hapana kaka, hapo sikubali. Mtoto ana mtu mmoja tu anayemwamini duniani halafu huyo mtu aondoke asubuhi arudi jioni? Atajua kaachwa tena. Mama asilazimishe.

Kamau_wa_Seattle
Lakini Marekani baba atarudi kazini dada, ni wiki chache tu.

DadaZuu_Leicester
Atarudi kazini mtoto akiwa na nyumba, kitanda chake na mama aliyemzoea kidogo. Siyo leo.

BibiColumbus
Marahaba Kamau. Gawaneni, lakini geuzeni. Mama aende na kijana, baba abaki na binti. Mama Tumaini, najua inauma mtoto akikukataa, nilimwona mwanangu akilia chooni hotelini asionekane. Hakatai sura yako mwanangu, anashika kamba moja kwanza ndipo ashike ya pili. Na huyo kijana amekuwa bila mama yake tangu mkabidhiwe binti, uko naye chumba kimoja lakini macho yako yako kwingine. Mpe asubuhi yake. Mchana mkutane Shamian wote wanne.

Msafiri_Xiaobei
Hii ya Bibi inawezekana kabisa kwa metro. Muwe getini Chimelong panapofunguliwa, muende kwa panda kwanza kabla foleni haijakua, saa saba mchana mnageuza. Hali ya hewa Novemba nzuri, si joto wala baridi. Ila binti mvisheni fulana ndani na soksi, bibi za huku wakiona kifundo cha mguu wa mtoto kiko wazi watakusimamisha barabarani wakugombeze hadi umfunike, na hawatanii.

Chen Clan Academy kama mtabaki na nguvu, laini ya 1, ilimalizika kujengwa 1894, paa zake zimejaa vinyago vya udongo vya rangi na michongo ya mbao, mtu mzima anakaa masaa. Kwa mtoto wa miaka 3 nusu saa inatosha. Boti la usiku naona liacheni, taa ni nzuri na mnara wa Canton wenye mita 600 unaonekana vizuri, lakini ni muda wake wa kulala.

MamaTumaini_MN (20 Nov 2017)
Jamani nimerudi, TB imesomwa leo asubuhi iko safi, Mungu ni mwema.

Tulifuata ya Bibi. Mume wangu aliununa Ukuta kidogo halafu akakubali, amesema tutarudi binti akiwa na miaka kumi na tutapanda wote. Mimi na kijana tulikuwa Chimelong mapema, tukaenda moja kwa moja kwa panda, wamekaa watatu wanakula mianzi wamelala chali, kijana hakutaka kuondoka. Kwenye foleni ya kitreni ndipo aliponiuliza kama mdogo wake akiendelea kunililia mimi nitahuzunika mpaka lini. Sikujua kama alikuwa anatazama. Tuliongea foleni nzima, na njia nzima ya metro kurudi, mambo mengi ambayo alikuwa ameyabeba peke yake, kuhusu chumba, kuhusu shule, kuhusu kama bado mimi ndiye nitamsomea usiku. Twiga na simba tuliwapita, tukasema hao tutawaona Serengeti kwa babu yake.

Baba na binti walizunguka Shamian asubuhi, baba kamfunga mgongoni na kanga yangu, basi kina bibi wa pale wamemfuata wakicheka wakishikashika fundo, wanaonesha kwa mikono kwamba na wao ndivyo walivyobeba watoto wao. Mmoja alilikaza vizuri zaidi akampiga baba begani. Soksi zilikuwepo, asante kaka Msafiri. Uji wa mchele alimaliza bakuli, ila ile mantou ya asubuhi, mkate wao wa mvuke, hakuila, aliishika mkononi tangu hotelini, akalala nayo mchana, akaamka nayo, na tumeamua hatumnyang'anyi mpaka mwenyewe ajue chakula hakiishi.

Jioni tukakutana White Swan. Kubebwa na mimi bado hataki. Lakini alikubali nimvue viatu, akanyoosha na mguu wa pili mwenyewe bila kuombwa, na kwa siku hii hiyo imenitosha. Chen Clan hatukufika.

Swali la mwisho, kesho ubalozini kuna la kujiandaa nalo?

Kamau_wa_Seattle
Kijana ameongea! Barikiwa. Kesho muda ni mfupi, kuapa na makaratasi, bebeni vitafunio vya mtoto na nguo ya kubadili. Mkipewa viza mtapata na bahasha kubwa iliyofungwa. MSIIFUNGUE hata kona, na isiende kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege, iwe mkononi mpaka kwa afisa wa uhamiaji uwanja wa kwanza wa Marekani mtakaoshukia. Kama mmemuasili kikamilifu China, na nyinyi au mmoja wenu ni raia, binti anakuwa raia hapohapo akiingia, sheria ya mwaka 2000. Na mhesabu muda wa kuunganisha ndege, chumba cha uhamiaji kinaweza kula masaa.

DadaZuu_Leicester (9 Sep 2024)
Naufufua uzi kwa sababu bado watu wanautumia na wengine wananiuliza inbox. Tarehe 5 mwezi huu China imetangaza kwamba haitatuma tena watoto nje kuasiliwa, isipokuwa wageni wanaoasili mtoto wa ndugu wa damu ndani ya vizazi vitatu au mtoto wa mwenza. Zaidi ya watoto 160,000 walitoka tangu 1992, karibu nusu wakaenda Marekani. Kuna familia zilishaoneshwa mtoto wao wakawa wanasubiri tangu safari ziliposimama 2020 kwa korona, naumia sana kwa ajili yao na kwa ajili ya hao watoto ambao wengine walishaambiwa wana wazazi.

Kwa hiyo mambo ya vipimo na ubalozi hapo juu yamebaki historia. Yanayofaa bado ni ya kutembea, kwa wanaorudi na watoto wao wakubwa. Mama Tumaini, binti sasa ana miaka kumi kama sikosei, Ukuta vipi? Mutianyu kuna kigari cha kebo cha kupandia na kitelezo cha kushukia, naona kingewafaa kuliko Badaling.