Mustang ya 1967 yenye dramu magurudumu yote manne: niweke diski mbele au nianzie kwingine?

Mshuka_Mlima

Habari zenu wakuu. Ninaishi Denver, Colorado, na tangu mwaka jana ninamiliki Ford Mustang ya 1967 yenye injini ya V8 ya 289, giaboksi ya otomatiki, na breki za dramu (shuu hubana kwa ndani ya ngoma inayozunguka na gurudumu) magurudumu yote manne, bila busta, yaani kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu. Mjini gari linasimama vizuri tu, ingawa huvuta kushoto ninapokanyaga kwa nguvu.

Tatizo lilijitokeza Jumamosi moja nilipokuwa nikirudi kutoka milimani kwa barabara ya I-70. Ukishatoka kwenye handaki la Eisenhower, ambalo liko kwenye mwinuko wa takriban mita 3,400, barabara inashuka kwa muda mrefu, nami kwa uzembe wangu nilikuwa nimeiacha gia kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida. Kila nilipokanyaga, pedeli ilizama zaidi kidogo kuliko mara iliyotangulia, hadi ikakaribia sakafu, na ndani ya gari kukajaa harufu ambayo yeyote aliyewahi kushuka mlima Kitonga nyuma ya lori lililozidiwa na mzigo anaijua. Nilirudisha gia chini, nikaegesha pembeni, na baada ya nusu saa breki zilirudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa nataka kununua seti ya diski za mbele. Je, masta silinda iliyopo (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedeli) inaweza kubaki? Busta ni ya lazima? Rimu zangu ni za chuma, za inchi 14, zilizokuja na gari.

Spana_Kumi

Mkuu, maelezo yako ni ya breki zilizozidiwa na joto. Dramu ikipata moto hutanuka kuelekea nje, yaani inazikimbia shuu zilizo ndani yake, na ndiyo maana pedeli ilikuwa ikizama kidogo kidogo. Wakati huohuo bitana za shuu, yaani tabaka linalosugua dramu, zikivuka kiwango fulani cha joto, hupoteza msuguano, hivyo unakanyaga sana na kupata kidogo. Diski ikipata moto unene wake huongezeka kuelekea kwenye pedi zinazoibana, na kwa kuwa iko wazi, upepo huipoza. Kwa mtu anayeshuka milima hiyo, mimi ningeweka diski mbele na kuziacha dramu za nyuma, kwa sababu gari likifunga breki sehemu kubwa ya uzito huegemea mbele.

Lakini usinunue diski na kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) peke yake. Shuu za dramu zako hujisaidia: dramu inapozunguka huiburuta shuu ya mbele, nayo huisukuma ile ya nyuma, kwa hiyo gurudumu lenyewe linaongeza nguvu ya mguu wako. Diski haina msaada huo, na inadai presha kubwa zaidi ya mafuta. Halafu masta silinda za dramu za wakati huo huwa na vali ndogo, iliyofichwa kwenye tundu la kutolea mafuta, inayobakiza presha ya kama psi 10 kwenye paipu ili mipira ya silinda za magurudumu isiingize hewa. Vali hiyo ikibaki kwenye paipu ya diski, pedi haziachii, na utafika nyumbani diski zimegeuka rangi ya bluu. Chumba cha mafuta ya mbele nacho ni kidogo mno, kwa kuwa pistoni za kalipa husogea nje kadiri pedi zinavyolika na huhitaji akiba. Jibu langu kuhusu masta silinda, basi, ni kwamba haiwezi kubaki.

Una bahati moja: ya 1967 ina masta ya vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma. Za 1965 na 1966 zina chumba kimoja, na paipu moja ikipasuka popote unabaki na breki ya mkono na sala.

Kuhusu rimu, jaribu kuifunga moja juu ya kalipa kabla hujaunganisha paipu hata moja. Rimu za chuma zilizotengenezewa dramu mara nyingi hugusa kalipa, hata kama inchi 14 zinaonekana kutosha.

Binti_wa_Gereji

Nakubaliana na Spana_Kumi kuhusu diski, ila kuna jambo amelipita. Gari kuvuta kushoto hakukuletwa na joto wala na uzee wa teknolojia. Kuna kitu kimefungwa vibaya au kimeziba, na ukiweka diski bila kukitafuta, huenda kikakufuata.

Fungua dramu zote mbili za mbele kwa wakati mmoja, uzitazame bega kwa bega. Kila gurudumu linapaswa kuwa na shuu moja yenye bitana fupi, inayokaa upande wa mbele ya gari, na moja yenye bitana ndefu, inayokaa upande wa nyuma, kwani hiyo ndefu ndiyo inayobeba kazi kubwa. Nimeshakuta gari ambalo mtu aliweka fupi mbili upande mmoja na ndefu mbili upande wa pili, kisha akalalamika kwamba usukani una matatizo. Tazama pia kile kigurudumu cha meno cha kurekebishia shuu. Cha kushoto na cha kulia vina nyuzi zinazozunguka kinyume. Ukivibadilisha nafasi, kila unapofunga breki ukirudi nyuma, mtambo unaopaswa kuzisogeza shuu karibu na dramu unazirudisha mbali, na pedeli inashuka wiki hadi wiki.

Hosi za mpira nazo zibadilishe bila kuzihoji. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani ilhali kwa nje inang'aa, ikaruhusu mafuta yaende kwenye gurudumu lakini yasirudi.

Na tafadhali usipulize vumbi la dramu kwa kompresa. Shuu za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, na huwezi kujua kwa macho kama zilizomo ni za zamani au mpya. Lowesha vumbi hilo, kisha ulifute kwa kitambaa utakachokitupa.

Mzee_Kabureta

Mmemwachia suala la busta bila jibu, na kwa mtu wa Denver si suala dogo. Busta ya vakyumu haina nguvu yake yenyewe. Inatumia tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu ya injini. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua, na kwa kipimo cha haraka unapoteza karibu inchi moja ya zebaki kwa kila futi 1,000. Injini inayovuta inchi 20 pwani itakupa kama 15 hapo Denver, maana yake robo ya msaada wa busta imekwisha kabla hujatoka nyumbani, na juu kwenye handaki hali ni mbaya zaidi. Kama aliyekutangulia aliweka kemshafti kali (shafti inayofungua vali za injini), ile inayofanya injini itikisike gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, punguza tena.

Mimi ningejaribu kwanza diski bila busta. Masta yenye kipenyo kidogo, kwa mfano inchi 15/16 badala ya inchi 1, hutoa presha zaidi kwa nguvu ileile ya mguu, ingawa pedeli itasafiri mbali kidogo. Ukiamua kuweka busta, kumbuka kwamba mkono wa pedeli wa mfumo usio na busta una uwiano wa karibu 6 kwa 1, na wa busta karibu 4 kwa 1. Ukiunganisha busta kwenye mkono wa kwanza, breki zitashika hata ukigusa kwa kidole.

Mshuka_Mlima

Wakuu, nimefungua dramu jana. Binti_wa_Gereji, shikamoo yako naiweka hapa hata kama nakuzidi umri. Gurudumu la kulia lilikuwa na shuu fupi mbili, la kushoto ndefu mbili, na kigurudumu cha meno cha kulia kimechongwa herufi L, yaani ni cha kushoto. Gereji iliyozihudumia kabla sijanunua gari ilinipa hadi risiti ya kazi hiyo. Nimezipanga shuu upya, nimebadilisha hosi zote tatu, na sasa gari linasimama kwa mstari ulionyooka, huku pedeli ikiwa juu kwa vidole viwili kuliko zamani.

Diski nitaweka hata hivyo, bila busta, kwa masta ya 15/16 na vali inayorekebishika ya kupunguza presha ya breki za nyuma. Swali moja limebaki: hiyo vali naipima vipi?

Spana_Kumi

Toa hewa kwanza kwenye masta ikiwa mezani, kisha gurudumu la nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, na mwisho mbele kushoto. Tumia DOT 3 au DOT 4, usichanganye na DOT 5 ya silikoni. Pedi zikishazoeana na diski, nenda kwenye uwanja mtupu wenye lami, mtu wa pili asimame pembeni akiangalia magurudumu, nawe ufunge breki ghafla ukiwa kwenye mwendo wa maili 30. Anza na vali ikiwa imebana presha ya nyuma kabisa, uifungue kidogo kidogo, na pale tu magurudumu ya nyuma yatakapoanza kufunga kabla ya mbele, irudishe kiasi. Rudia zoezi hilo lami ikiwa imelowa, kisha uache hapo.