Mjadala: Kujigi kilindini, rili ya bei ya bodaboda au ya kawaida?

Wana bahari, nalileta hili la rili (kile chombo cha kuzungushia uzi kwenye fimbo) za kujigi, yaani kushusha jigi, samaki wa chuma mwenye ndoana, na kulirusharusha, maana kila tukikaa linageuka ugomvi. Kuna kundi linasema kama huna Stella au Saltiga, zile rili za bei kali, usijisumbue kwenda kujigi kisiwa cha Fungu Mbaraka wala mkondo wa Pemba, jodari atakuchezea tu. Kundi la pili linasema rili ni rili, kilo 25 za breki (nguvu ya kumzuia samaki asivute uzi) ni kilo 25, nunua ya bei rahisi ikifa unachukua nyingine. Mi naona wote wamepotea na nitasema kwa nini, halafu mnishambulie.

Tuanze na hizo kilo za breki zinazoandikwa kwenye boksi. Nani hapa amesimama kwenye boti ya faiba inayoyumba, amekamata fimbo ya kuvulia wima, na samaki anavuta kilo 20 kwelikweli? Wengi wetu tunavulia kilo 8 mpaka 12 na hapo kiuno tayari kinalia. Kwa hiyo kushindanisha rili ya kilo 20 na ya kilo 28 ni maneno ya dukani. Cha kuangalia ni breki inaachiaje, inatoka laini tangu mwanzo au inakwamakwama, kwa sababu ikikwama breidi (uzi wa kusukwa) inakatikia kwenye fundo hata hujajua umeshika nini. Na kuna jambo wauzaji hawalisemi kabisa. Breki unayoipima spuli, ile inayobeba uzi, ikiwa imejaa siyo breki utakayokuwa nayo samaki akishakula mita 200 za uzi. Kipenyo cha uzi kwenye spuli kikishuka kutoka sm 7.5 hadi sm 5, zile kilo 10 ulizoweka zinakuwa 15 bila wewe kugusa kitu, na wewe ndo kwanza unazidi kukaza kwa sababu umeona spuli inaisha. Halafu jioni unasimulia "alikuwa mkubwa sana akakata".

Gia sasa. Kwa maji marefu mi nasimama na gia nzito, yaani ya nguvu siyo ya kasi, ile ya 4.4:1 (mkono ukizunguka mara moja, uzi unazungushwa mara 4.4), kama iliyopo kwenye rili ya Saragosa 20000. Mzunguko mmoja unakuletea kama mita moja ya uzi. Ile ya kasi, XG ya 6.2:1, inaleta mita moja na theluthi hivi, inavutia ukiwa dukani unazungusha hewa, lakini shusha jigi la gramu 400 mita 150 mkondo wa kusi ukiwa umekaza uone mkono unavyokataa. Na kumbuka uzi ukiwa nje spuli imepungua, kwa hiyo hata ile mita moja huipati kamili.

Bei: Stella ya saizi hizo inapita dola 1,000 huko Marekani, kabla ya usafiri na ushuru, yaani bodaboda mpya hiyo. Saragosa au Penn Slammer, rili za bei ya kati, ni kama theluthi ya hapo. Msimamo wangu: chukua ya kati yenye gia nzito, hela iliyobaki weka kwenye breidi nzuri, spuli ya akiba na sevisi. Karibuni.

*Nahodha, Shimoni:*
Kaka, mengine umenena ila kwa gia sikubaliani nawe. Wewe wajigi chini kabisa, sisi huku twatafuta jodari na kolekole kati ya maji, samaki huyo hataki jigi la kulegea, ataka likimbizwe. Na akishika karibu na mwamba, zile mita za kwanza ndizo maisha, ukichelewa keshaingia ndani. Mimi naweka 6.2 na siitoi. Jambo la pili, mimi hupeleka wageni, mgeni hajui kuosha rili wala hajali, rili yaanguka sakafuni yarushiwa maji ya chumvi siku nzima. Rili isiyozibwa vizuri kwangu haimalizi msimu wa kaskazi. Kwa hiyo bei kubwa si maringo, ni kazi.

*Mwanzisha mada:*
Nahodha shikamoo. Hapo kwenye samaki wa kati ya maji nakupa, gia ya kasi ina nafasi yake, mi nazungumzia mita 120 kwenda chini. Ila la kuziba silikubali moja kwa moja. Slammer nayo imezibwa, mwili na spuli, na siyo ya bei hiyo. Saltiga ina ule mfumo wa mafuta yanayoshikwa na sumaku, mzuri mno, lakini siku ukitaka kuifungua fundi wa mtaani haigusi, na huku ukanda wetu utaipeleka wapi? Utaituma nje usubiri, msimu umeisha. Na kuosha kwenyewe watu wanakosea: kaza breki kwanza maji yasiingie kwenye washa (vile visahani vya breki), mwagia maji baridi yasiyo na chumvi taratibu, usipige bomba la presha linasukuma chumvi ndani, ikikauka ndo ulegeze breki.

*Mvuvi wa mshipi, Nungwi:*
Nyie bishaneni. Mimi jodari namtoa kwa mshipi wa nailoni, vidole nimevifunga vipande vya tyubu ya baiskeli, na sijawahi kuuliza gia ngapi.

*Mwanzisha mada:*
Heshima yako mzee, na mkono wako ndo breki bora kuliko zote hapa. Lakini wewe unatumia chambo, chambo kinajiuza chenyewe. Jigi ni chuma, lisiporuka ni mzigo tu, na kulirusha kutwa nzima kutoka kina hicho kwa mkono mtupu mimi siwezi.

*Mgeni wa mada, Tanga:*
Samahani wakubwa, mimi rili yangu breki naikaza mpaka mwisho lakini bado uzi unatoka. Nimeambiwa washa zimekufa ninunue nyingine.

*Mwanzisha mada:*
Usinunue chochote kwanza. Umefunga breidi moja kwa moja kwenye spuli? Breidi inateleza, inazunguka yote kwa pamoja juu ya chuma na wewe unaona kama breki imekufa. Shika spuli kwa kidole, vuta uzi, kama spuli imetulia na uzi unazunguka juu yake, ndo hiyo. Toa wote, anza na mizunguko kadhaa ya nailoni ya kawaida ikaze, halafu unga breidi juu. Ikiendelea baada ya hapo njoo tuongelee washa.

*Nahodha, Shimoni:*
Hilo kweli. Na aliyekwambia ununue nyingine, muulize kama auza rili.