Naomba ushauri: kurejelea masimulizi ya wazee na majalada ya kale

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naandika tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu kumbukumbu za Vita vya Majimaji (1905–1907) katika vilima vya Matumbi, na nimekwama kwenye marejeleo. Kwa vitabu na makala za majarida sina shida. Kazi ipo kwenye masimulizi ya wazee niliowarekodi kwa simu, na majalada ya enzi ya Wajerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Baadhi hayana jina la mwandishi, yana namba ya jalada tu.

Chuo kinataka mtindo wa marejeleo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7. Mwongozo nimeusoma: mawasiliano binafsi (mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata mwenyewe) hutajwa ndani ya matini tu, hayaingii kwenye orodha ya marejeleo. Lakini wazee hawa ndio msingi wa kazi yangu, na inaniuma majina yao yasionekane popote mwishoni. Msimamizi ameniambia nichague njia moja niifuate hadi mwisho.

Je, naweza kuweka orodha ya wasimulizi kama kiambatisho, kwa wale walioridhia kutajwa? Na jalada lisilo na mwandishi lianze na nini, kichwa chake au jina la taasisi? Aliyewahi kufanya hivi naomba anielekeze. Ahsanteni sana.