Bunge likimfukuza mbunge na wananchi wakamrudisha, kiti ni cha nani? Kisa cha John Wilkes

Mleta mada
Wakuu habari za jioni. Jana nimebishana na jamaa mpaka chai ikapoa, yeye anasema Bunge ndo lenye neno la mwisho nani akae mle ndani, mimi nasema mwenye neno ni mpiga kura basi. Shahidi wangu ni John Wilkes wa Uingereza, karne ya 18.

Kwa asiyemjua: baba yake alikuwa na kiwanda cha pombe kali London. Jamaa akawa mbunge wa Aylesbury 1757, kwenye Bunge la Makabwela (House of Commons, lile la kuchaguliwa), afu 1762 akaanzisha gazeti, North Briton, kazi yake kumchapa waziri mkuu Lord Bute. Toleo namba 45, Aprili 1763, likagusa hotuba ya mfalme. Serikali ikatoa hati ya kukamata isiyo na jina la mtu, yani wameandika tu wakamateni waandishi na wachapaji, nani na nani mtajua hukohuko, wakazoa watu karibu 50. Wilkes kapelekwa gereza la Tower, haijaisha wiki jaji kamwachia kwa kinga ya ubunge. Baadaye akakimbilia Paris, Bunge likamfukuza Januari 1764.

1768 karudi, kagombea Middlesex, kashinda. Sasa hapa tulieni. Tarehe 3 Februari 1769 wakamfukuza tena, akiwa gerezani kwa maandishi yake. Tarehe 16 uchaguzi wa marudio akapita bila kupingwa. Kesho yake Bunge likasema huyu hana sifa ya kuchaguliwa. Machi akapita tena, wakafuta tena. Aprili 13 upande wa serikali ukaleta mtu wao, Henry Luttrell, kura zikahesabiwa Wilkes 1143, Luttrell 296. Aliyeingia bungeni nani? Luttrell! Wabunge walipiga kura 197 kwa 143 kwamba ndo mshindi halali. Anayetetea hilo aje hapa.

Mzee wa Bao
Nimekuja mimi. Mleta mada unatuletea malaika wakati yule bwana alikuwa mpigaji. Kiti cha Aylesbury kilimtoka kama pauni 7000, hela ya wakati ule, na haikuwa ya mabango, ilikuwa ya kununua kura. Kabla ya hapo, 1754, aligombea Berwick akashindwa, na kuna kisa kinasimuliwa kwamba wapiga kura wa mpinzani walikuwa wanaletwa kwa meli kutoka London, akampa nahodha kitu kidogo akaenda kuwashusha Norway. Pale Aylesbury alikuwa mtunza hazina wa kituo cha watoto waliotupwa, hesabu hazikukaa sawa. Ongeza shairi la matusi ambalo Lord Sandwich alilisoma mbele ya Bunge la Mabwanyenye (House of Lords), mabwana wazima wanasikiliza uchafu neno kwa neno, eti ndo ushahidi. Bunge halina haki ya kulinda heshima yake?

Wakili Mtoro
Mzee wa Bao shikamoo. Yote uliyosema mimi nakubali, na yote hayajibu swali. Kumfukuza mtu ni jambo moja, kumwambia mpiga kura usimrudishe ni jambo lingine kabisa. Ukifukuza, kiti kinabaki wazi, mwenye jimbo anaulizwa upya, yeye ndo anaamua kama kosa lile linamkera au la. Watu wa Middlesex waliulizwa mara tatu, wakajibu mara tatu. Na alifukuzwa 1769 kwa lipi? Sio kwa pesa za watoto wala kura za Aylesbury, pale nusu ya wabunge wangebaki nje. Ilikuwa maandishi: namba 45, lile shairi, na alichoandika baada ya Mei 10, 1768, wanajeshi walipofyatulia risasi umati nje ya gereza alimofungwa, watu wakafa.

Afu msisahau zile hati zisizo na jina. Aliwaburuza mahakamani akawashinda, waziri Halifax peke yake aliamriwa kulipa pauni 4000. Leo polisi anabanwa aje na hati yenye jina la mtu na nyumba, jasho la huyo "mpigaji" limo.

Binti Pwani
Mimi hilo jina Bunge la Makabwela linanichekesha kila nikilisikia, kabwela gani pale? Middlesex ili upige kura lazima uwe mwanaume mwenye ardhi ya kuingiza angalau shilingi 40 kwa mwaka. Kwa hiyo mnaposema "wananchi" wamesema mara tatu mpunguze sauti kidogo, ni wenye ardhi walisema. Kabwela mwenyewe alikuwa barabarani anachora 45 kwa chaki kwenye milango na magari ya farasi. Balozi wa Austria walimtoa garini, wakamgeuza miguu juu, wakamchora 45 kwenye nyayo za viatu 😂 Kabwela kura yake ilikuwa ile chaki.

Na kabwela huyohuyo, 1780, kwenye zile ghasia za Gordon za kupinga Wakatoliki pale London, Wilkes alisimama na askari kulinda Benki ya Uingereza akaamuru wapigwe risasi. Walewale waliokuwa wanapiga kelele za "Wilkes na Uhuru".

Mzee wa Bao
Binti umenisaidia kazi. Akikuhitaji wewe ni umma, akishiba wewe ni wahuni.

Mleta mada
Hiyo ya 1780 inaniuma sitadanganya. Lakini 1776 huyohuyo alipeleka hoja bungeni kwamba uwakilishi ubadilishwe, hata fukara apate sauti ya kuchagua. Wakaitupa bila hata kuhesabu kura. Binti, hilo nalo liweke kwenye mizani.

Kwetu Tanzania ni kizungumkuti kingine, chama kikikuvua uanachama na ubunge umekwenda, jimbo halijaulizwa chochote. Angalau Wilkes walimrudisha kwa wapiga kura.

Wakili Mtoro
Usitutoe Middlesex bado. Marekani 1967, mbunge Adam Clayton Powell wa Harlem, New York, tuhuma za kuchezea pesa za umma, Baraza la Wawakilishi likagoma kumpa kiti. Harlem wakamchagua tena. 1969 Mahakama ya Juu ikasema hamuwezi kumzuia aliyechaguliwa akiwa ametimiza sifa za katiba, na kwenye hukumu wakachambua kesi ya Wilkes kwa urefu. Miaka 200 kamili. Mkitaka kumtoa mwapisheni kwanza, kisha theluthi mbili zipige kura ya kumfukuza. Mzee wa Bao, heshima ya Bunge ndo italindwa hivyo.

Mzee wa Bao
Sawa, na huyo Luttrell wa kura 296 alikaa siku ngapi?

Mleta mada
Siku? Mpaka uchaguzi mkuu wa 1774, mzee wangu. Mwaka huo Wilkes kapita Middlesex bila kupingwa na umeya wa London juu yake, akaanza kudai ule uamuzi wa 1769 ufutwe kwenye kumbukumbu za Bunge. Kakataliwa, karudi, kakataliwa, mpaka Mei 1782 wakaufuta kwa kura 115 kwa 47. Afu 1790 alipopita kuomba kura kulekule Middlesex akakuta watu hawamtaki tena, akajitoa mwenyewe. Hakuna hati wala azimio la Bunge.

Binti Pwani
Wenye shilingi 40 hawakumtaka. Haya endeleeni.