Tupeane uzoefu: unabadilishaje mazoezi ili usiyachoke?

Mleta mada (Kinondoni)
Habari zenu wadau. Naomba tupeane uzoefu, hasa sisi ambao hatujiandai na mashindano yoyote, tunataka tu mwili uwe mwepesi, pumzi iwepo na presha ikae mbali. Ninavyoona wengi wanaoacha sio wavivu, ni zoezi lilelile kila siku linakinaisha. Mimi nimeshikilia muda tu, saa kumi na moja na nusu alfajiri ni ya tizi iwe mvua iwe jua, ila tizi lenyewe linabadilika. Jumatatu napiga joging mpaka daraja la Tanzanite narudi, ule upepo wa bahari asubuhi raha tupu. Jumatano nabaki uani na pushapu, skwoti, planki na kamba, Ijumaa natembea harakaharaka tu bila kukimbia. Jumamosi ndo naungana na joging klabu ya mtaani, nyimbo za mchakamchaka mwanzo mwisho, unashtukia mshafika mbali. WHO wanashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na siku mbili za kukaza misuli, hawajasema lazima yawe ya aina moja. Nyie mnafanyaje?

Mama wa Mbagala
Mimi jimu siendi, hela yenyewe ni ya ada ya watoto. Jioni wakirudi shule tunacheza rede, na jamani rede msiidharau, unakwepa mpira huku na huku, unainama unajaza mchanga kwenye chupa, unainuka unakimbia tena, dakika chache tu jasho chapachapa. Siku nyingine wanangu wanataka kamba, basi ni kamba.

Jambiani
Assalaam alaykum. Mie huku ratiba yangu anapanga bahari. Maji yakijaa naogelea, yakitoka yanakwenda mbali kweli mpaka karibu na mwamba, hapo natembea na kukimbia mchangani. Na kwa vile maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, wiki hii asubuhi ukiyakuta yamejaa basi wiki ijayo saa hizohizo yamekupwa, kwa hiyo zoezi linabadilika lenyewe wala sijapanga kitu. Mchanga mgumu wenye majimaji ndo wa kukimbilia, ule mkavu mlaini nautembea polepole, vigimbi vinafanya kazi hasa.

Mwanza
Mdau wa Jambiani nakuonea wivu. Huku ziwani mi siingii kwa sababu ya kichocho, vile vijidudu vinapenya hata kwenye ngozi isiyo na kidonda ukiwa umesimama tu kwenye maji ya pembeni yenye konokono. Sisi tuna vilima. Napanda Capri Point kwa kasi, nashuka taratibu magoti yapumzike, siku nyingine nabeba begi lenye chupa za maji mgongoni. Njia ileile lakini mwili unaona kitu kipya.

Nairobi
Mimi nitawapinga kidogo. Kubadilisha ni sawa, lakini ukibadilisha kila kitu kila siku mwili haupati nafasi ya kuzoea na kuongeza nguvu, mwishowe hujui kama unaendelea mbele ama uko palepale. Mimi pushapu na skwoti hubaki zilezile kwa wiki kadhaa, nabadilisha mkao tu, mikono karibu, miguu juu ya kiti, kushuka polepole sana. Mbio ndizo nazichezea, wikendi naenda msitu wa Karura, nachukua njia tofauti na ile ya wiki iliyopita, kwa miti kuna baridi nzuri na hakuna moshi wa matatu.

Mleta mada (Kinondoni)
Hoja ya Nairobi nimeichukua, za nguvu zikae muda mrefu, za pumzi ndo tuzibadilishe. Mama wa Mbagala, masika yakianza hiyo rede mnachezea wapi?

Mama wa Mbagala
Hatuchezi, uwanja wote unakuwa tope. Tunasogeza makochi, nafungulia singeli, tunacheza mpaka mmoja aombe maji. Halafu nawahesabia skwoti na mimi nikiwemo.