Naomba ushauri: tiba ya mazungumzo kwa aliyenusurika ajali

Ndugu zangu, shemeji yangu ni dereva wa lori aliyenusurika ajali iliyomuua utingo wake, na ingawa mguu umepona, mpaka leo hushtuka usingizini akikanyaga breki isiyokuwepo, na harufu ya dizeli tu humtoa kijasho chembamba. Wazee wanasema amerogwa. Sipendi kubishana nao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unapendekeza tiba ya saikolojia inayomsaidia mgonjwa kulikabili tukio pamoja na mtaalamu, wala si vidonge vya kutuliza wasiwasi. Waliopitia tiba hiyo walianzaje, hasa kwa mwanamume asiyetaka kabisa kusimulia? Je, mkewe anaruhusiwa kuketi naye, na rufaa huanzia hospitali ya wilaya?