Tupeane uzoefu: kupiga kambi na mbwa kwenye maziwa ya Nebraska na Dakota

Kaka Omaha: Wakuu, habari za siku. Leo jirani kapakia mbwa wawili na hema kwenye pikapu, nikakumbuka yaliyotukuta Lake McConaughy, huku Nebraska. Mliowahi kulala kando ya maziwa haya ya nyikani na mbwa, shusheni. Langu nitalileta watu wakishakaa.

Mwana wa Pangani: Nishakaa. Leta.

Mzee wa Kupe: Kuruhusu wanaruhusu karibu kote, shida ni masharti. Hifadhi za jimbo la Nebraska kamba isizidi futi 6. Ufukwe wa waogeleaji mbwa haingii, hata kama anaogelea kukushinda wewe. Mtafutie ghuba pembeni. Na mwezi wa 5 na wa 6 kupe ni balaa. Kagua ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Ng'oa kwa kibano ukishika karibu kabisa na ngozi. Hayo mambo ya njiti ya kiberiti na mafuta ya taa waachieni waliotufundisha.

Shemeji wa Sioux Falls: Futi 6 ni kwenu. Dakota Kusini hifadhi za jimbo ni futi 10.

Mzee wa Kupe: Lewis and Clark Lake nilikuta 6.

Shemeji wa Sioux Falls: Kwa sababu ulilala kambi ya Wahandisi wa Jeshi la Marekani, hao wa mabwawa. Ziwa lile liko mpakani mwa Nebraska na Dakota Kusini, kuna kambi za majimbo na kuna za Jeshi. Uliza umelala kwa nani kabla ya kubisha.

Mzee wa Kupe: Sijabisha, nimesema nilichokuta.

Dada Lindi: Samahani, yaani mnalipa hela ili mkalale chini, nje, na mbwa? Bibi yangu akisikia atawasomea dua.

Mama wa Uvira: Miye niko Fargo. Kwetu ziwa ni ya kuvua na kufua nguo, hii mambo ya hema ni watoto walileta, na mbwa ni wao walileta. Tulienda Lake Sakakawea, hapa Dakota Kaskazini. Ule upepo! Hema ililala chini usiku yote, mbwa akalala juu yangu. Asubuhi watoto wanauliza tutarudi lini.

Mwana wa Pangani: 😂😂 Kaka Omaha tunakusubiri.

Kaka Omaha: Haya. Mwezi wa 7, tumechukua nafasi mchangani kabisa. McConaughy si ziwa la asili, ni maji ya bwawa la Kingsley kwenye mto North Platte, lilikamilika 1941, na mchanga wake mweupe utadhani uko Paje. Mti wa kivuli hakuna. Mchana ule mchanga unaunguza, mbwa anainua mguu huu, anashusha ule, ikabidi akae majini. Jina lake Chui, mweusi tii.

Jioni mawingu yakajikusanya magharibi. Chui hataki kula, anachimba chini ya gari, anatoka, anachimba tena. Mke wangu akasema huyu mnyama kajua kitu. Shemeji yangu tuliyekuwa naye akasema ni nzi tu. Saa 5 usiku simu zote zikalia kwa pamoja, tahadhari ya dhoruba, na kabla hatujamaliza kuisoma upepo ukafika. Haukuanza polepole. Hema la jirani likatupita likiwa limefura, na magodoro ndani. Mvua inakuja kwa ubavu, mchanga unachoma macho. Chui nilimfunga kwenye kile chuma cha kuzungushia ardhini, ambacho mchangani hakishiki chochote. Radi ikapiga juu yetu, chuma kikang'oka, mbwa huyoo gizani na chuma kinarukaruka nyuma yake.

Naingia shifti, nitaendelea.

Mwana wa Pangani: Unakata hapo? Huo si uungwana.

Shemeji wa Sioux Falls: Mungu anakuona mkuu.

Abu Rayyan: Niulize bila ugomvi. Sisi Mashafii mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Hema moja mnalalaje?

Mtu wa Nyasi: Wamaliki wana kauli nyingine, na mada ni kambi.

Abu Rayyan: Nimesema bila ugomvi.

Mtu wa Nyasi: Wangu ana hema lake, tena zuri kuliko langu. Na simfungi kamba, ana adabu.

Mzee wa Kupe: Mwenye adabu kama huyo alikuja kula nyama yangu jikoni, mwenyewe yuko mbali anapunga mkono "hana shida!" Magharibi huko kuna nyoka wa njuga. Adabu ya mbwa nyoka haijui.

Fundi wa Lincoln: Mnamngoja Chui, sawa, ila hili lisipite. Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama. Mwisho wa kiangazi, maji yakipata joto na upepo ukitulia, maziwa mengi huku yanaota ule mwani wa kijani-bluu, ambao hasa ni bakteria. Utaona utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, umesukumwa ufukweni, palepale mbwa anapoingilia. Anakunywa, au anatoka anajilamba manyoya. Kutapika, kuyumba, degedege, wengine ndani ya saa moja. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna, tunapambana na dalili tu. Jimbo linapima maziwa kadhaa ya burudani kila wiki majira hayo na kutangaza, angalieni kabla ya kuondoka. Kama kaingia, msafishe kwa maji safi ya bomba kabla hajajilamba, halafu barabarani kwa daktari. Beba maji yake kutoka nyumbani. Na masuke makavu yale yenye vishale, pamoja na mbigili: kagua nyayo kila jioni. Kishale kikiingia sikioni hakirudi nyuma, kinazidi kwenda.

Mama wa Uvira: Asante dada. Hii hatukuambiwa.

Mwana wa Pangani: Asante. Chui je?

Kaka Omaha: Nimerudi. Tulikaa ndani ya gari mpaka saa 8 usiku, taa zinawaka ili aone. Hakuja. Mke wangu analia, shemeji kanyamaza (safari hii hakusema nzi). Kulipokucha tukatembea kambi nzima tukiita. Saa 2 asubuhi simu, namba siijui. Wazee wawili wastaafu, karavani yao iko mbali sana na sisi, wameikuta namba kwenye ukosi wake. Chui aliingia mlango wakiufungua, wakamfuta kwa taulo, wakampa soseji. Kisha wakagundua kuwa njiani alikutana na skanki, yule mnyama anayerusha majimaji yanayonuka vibaya.

Shemeji wa Sioux Falls: 🤣🤣🤣 Ndani ya karavani!

Dada Lindi: Nimecheka hadi mtoto kaamka. Juisi ya nyanya, nimesikia ndiyo dawa.

Fundi wa Lincoln: Hapana, utapata mbwa mwenye harufu na nyanya. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 karibu lita moja, robo kikombe cha bekingi soda, kijiko kidogo cha sabuni ya vyombo. Changanya hapo hapo, macho yasiguswe, acha dakika 5, suuza. Usiihifadhi kwenye chupa iliyofungwa, itapasuka.

Kaka Omaha: Ndiyo niliyotumia. Chui akabaki na mgongo wa kahawia.

Mtu wa Nyasi: Na karavani ya wazee?

Kaka Omaha: Walikataa nilipie. Tuliwapikia pilau.

Abu Rayyan: Haya, Dakota Kusini nafasi zinafunguliwa lini? Nauliza kwa niaba ya watoto.

Shemeji wa Sioux Falls: Kambi nyingi za jimbo ni siku 90 kabla. Saa 1 asubuhi uwe macho na kadi mkononi. Mbwa unaye?

Abu Rayyan: Paka.